Bi Nguchiro na Mwanafunzi wa Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Kibuyu?
— Cha maziwa!
Maziwa?
— Ya mwenye nyumba!
Na aliyeyanywa?
— Ana masharubu meupe, mwulizeni!

Haya, tulieni. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole, watu wasikie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana, alikuwako Bi Nguchiro. Mwili wake ulikuwa mdogo, ungeweza kumfutika kwapani ukapita sokoni asikuulize mtu umebeba nini. Lakini akili! Akili yake ingejaza ghala, na nyingine ikamwagika nje. Msije mkasema msimulizi anampendelea. Ninampendelea, na nitampendelea mpaka mwisho.

Bi Nguchiro alikaa kwenye kichuguu, kando ya shamba la mtama. Shoga yake alikuwa mbwa mmoja, Mama Koko. Siku moja Mama Koko akaumwa na nyoka. Kabla ya kukata roho akamwita: "Shoga, wanangu hawa wawili nakuachia. Ni amana." Bi Nguchiro akalia, akafuta machozi, akawabeba watoto mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo mpaka kwake. Mmoja alikuwa na doa jeusi jichoni, akamwita Doa. Wa pili alikuwa na rangi ya tope, akamwita Tope. Akawapenda kama aliowazaa.

Lakini kulea wawili, jamani! Doa akilia ng'wee, Tope anaitika ng'wee. Doa akiiba yai, Tope anaficha ganda. Bi Nguchiro akisema "Kaeni!", Doa anamtazama Tope, Tope anamtazama Doa, halafu wanang'atana mikia na kubingirika, biringi biringi, mpaka kwenye moto. Siku nzima mama wa watu anazungumza na ukuta.

"Watoto hawa si viziwi," akasema. "Ila kila mmoja ana masikio ya mwenzake tu. Mimi hawanisikii."

Akawaza, akapata dawa. Kila mmoja akampa kigae chake cha kulia. Kila mmoja akampa tundu lake la kulala. Asubuhi alimwacha Tope ndani ya kichuguu, akamfundisha Doa peke yake nyuma ya ghala la mtama pale shambani. Alasiri alimwacha Doa ndani, akamfundisha Tope. Na somo lilikuwa fupi: kaa, ngoja, karibu. Kwa sababu kwenye nyumba yenye adabu, chakula kiko mbele yako, harufu iko puani, lakini mkono hauendi mpaka mwenyeji aseme karibu.

Dawa ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kelele. Aliyebaki ndani alilia, ng'weee! ng'weee! Pori zima likasikia. Na aliyesikia vizuri kuliko wote alikuwa Fisi.

"Hodi, Bi Nguchiro!"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi jirani yako, Fisi. Nimesikia kilio, roho ikaniuma. Wewe ni mmoja, watoto ni wawili. Ukiwa unamfundisha huyu, huyo mwingine nipe mimi nikushikie. Ujirani ni kusaidiana, au siyo?"

Huku anasema, mate yanamdondoka, chururu, chururu, mpaka kifua kimelowa.

Bi Nguchiro akaogopa. Akikataa, Fisi atakibomoa kichuguu kwa teke moja. Akikubali, amana ya shoga yake imekwenda. Akamtazama Fisi kuanzia mate mpaka mbavu. Kisha, wallahi, mama huyu akatabasamu.

"Bwana Fisi, nikushukuruje? Lakini watoto wenyewe sasa hivi ni mifupa mitupu. Na mlezi asiyejua somo atawavuruga. Jifunze nawe mwezi mmoja. Wakishanenepa, nitakukabidhi wote wawili."

Fisi aliposikia "wakishanenepa", sikio moja likasimama. Aliposikia "wote wawili", la pili likasimama. Moyoni akacheka, hi hi hii! Mjinga huyu ananinonoshea kitoweo! Mdomoni akasema, "Nifundishe, mwalimu."

Basi ikawa hivi: asubuhi Doa, alasiri Tope, na katikati, saa ya jua kali, mwanafunzi wa tatu. Bi Nguchiro alikwenda machinjioni kijijini kuokota mifupa, akarudi anaiburuta.

Siku ya kwanza akaweka mfupa. "Kaa!" Makalio ya Fisi, pwa! "Ngoja!" Wapi! Fisi akaurukia. Lakini Bi Nguchiro alikuwa ameshauvuta mfupa ndani ya tundu, na kichwa cha Fisi hakikuenea mlangoni.

"Hujakaribishwa," sauti ikatoka ndani. "Rudi kesho."

Siku ya pili. "Kaa!" Makalio, pwa! "Ngoja!" Macho, kodo! Akahesabu moja, akahesabu mbili, akaruka. Mfupa ukaingia tundu. "Hujakaribishwa. Rudi kesho." Fisi akarudi kwake anauma vidole kwa njaa.

Siku ya tatu. "Kaa!" Makalio, pwa! "Ngoja!" Macho, kodo! Mate, chururu! Fisi akatulia, akatulia, akatulia. "Karibu!" Kacha-kacha-kacha! Mfupa ukaisha, na Fisi akajiona msomi.

Toka siku hiyo hakukosea tena. Kaa, pwa! Ngoja, kodo! Karibu, kacha-kacha! Ikafika mahali Bi Nguchiro akikohoa tu, Fisi ameshakaa.

Na watoto je? Ah, mngewaona! Doa alikuwa akiitwa jina lake anakuja mbio, hata kama kuna kelele za ndege elfu. Tope alikuwa akiambiwa ngoja, mjusi anampita juu ya pua, hapepesi jicho. Na walikuwa wamenona, matumbo ndi ndi ndi! Bi Nguchiro akiwatazama, machozi ya furaha yanamlengalenga.

Mwezi ukaisha. Siku hiyo Fisi alikuwa hajala chochote tangu jana yake, anatafuta nafasi tumboni. "Mwalimu, nimehitimu. Nikabidhi watoto wangu."

"Ahadi ni deni," akasema Bi Nguchiro, na moyo wake unapiga du, du, du. Akawatoa Doa na Tope, wote wawili pamoja, akawaweka bega kwa bega mbele ya Fisi. Alijua watoto wakianza kung'atana mikia kama zamani, basi, wamekwisha.

Fisi akafungua kinywa. Akaruka!

"Kaa!"

Doa, pwa! Tope, pwa! Na Fisi, alikuwa ameshafika hewani, akashuka kitako chini, PWAA! Vumbi likatimka.

"Ngoja!"

Macho sita, kodo!

"Doa!" Doa akainuka peke yake, hakumtazama nduguye, akaenda nyuma ya ghala. "Tope!" Tope akainuka peke yake, akamfuata mama yake mpaka kwa Doa. Bi Nguchiro akawaongoza wanawe kwenda kijijini kwa watu, mkia juu, bila haraka.

"Mwalimu!" Fisi akaita. "Mwalimu, umesahau neno moja!"

"Sijasahau," akajibu Bi Nguchiro, wala hakugeuka.

Kichwa cha Fisi kikasema: inuka, mpumbavu, kitoweo kinakwenda! Makalio yakasema: hatujakaribishwa. Kichwa kikavuta, makalio yakagoma. Vilivutana hivyo mpaka mtama ukaota upya, na Doa na Tope wakawa mbwa wazima, wenye meno. Ndiyo maana hata leo ukimwona Fisi, mbele amesimama, nyuma ameinama. Mbele ilishainuka siku nyingi. Nyuma bado inangoja karibu.

Haya, kamba yangu imefika mwisho. Aliyeifuata amefika nami, aliyesinzia asiniulize njia.

Na funzo, watoto wazuri, shikeni sana: mvumilivu hula mbivu.

Mkibisha, mwulizeni Fisi.