Kipindi Kisichohesabiwa

Huko Ulyamba, mtemi alitawala vipindi viwili tu kisha akampisha mwingine. Mtemi Lugembe alipokaribia kumaliza cha pili, alimwita Nyamizi, mpiga mbiu.

"Tangaza kwamba kipindi changu cha kwanza hakihesabiwi. Nilikuwa najifunza, sikuwa mtemi kamili. Ukikataa, utahama nchi hii."

"Nikatae kwa nini, Mtemi? Maneno ni yako, mdomo tu ndio wangu."

Kesho yake Lugembe aliwakuta watu zizini wakifungua ng'ombe.

"Mnaniibia mchana?"

"Hatuibi, baba," alisema mzee mmoja akivuta fahali. "Huyu ulinitoza faini kipindi cha kwanza. Nyamizi ametuuliza, asiye mtemi anatozaje faini?"

Lugembe akamgeukia Nyamizi, aliyesimama kando ya zizi. "Piga mbiu upesi. Waambie nimeshatawala viwili."