Cheti Ukutani, Mikaratusi Chemchemini

Wapendwa, kabla hatujainama kuomba, nisikilizeni kidogo.

Kulikuwa na mama mmoja katika kitongoji cha mlimani, mahali ambapo nyumba zote zilichota maji kwenye chemchemi moja. Kiangazi kimoja maji yakaanza kupungua. Wanawake wa jumuiya wakasikia kwamba kuna masomo ya bure mtandaoni, yanayofundisha kutunza mazingira na namna kijiji kinavyoweza kujiandaa na ukame na mafuriko. Kati yao, mwenye simu ya kufungua masomo hayo alikuwa yeye peke yake.

Wakamwambia, "Soma wewe, dada, usome kwa niaba yetu. Sisi tutakulimia."

Wakamlimia kweli. Masomo yalikuwa kumi na mawili, na kwa wiki kumi na mbili, kila Jumatano, shamba lake lilipaliliwa na mikono ya wenzake.

Na yeye alisomaje? Aliiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke vizuri, kisha akaendelea kufua nepi. Mwalimu wa kwenye video aliongea mpaka akamaliza. Mwisho wa kila somo yalikuja maswali, na ukikosea simu inakuambia ujaribu tena. Basi akagusa jibu la kwanza, likakataa. La pili, likakataa. La tatu likawa kijani. Akaenda kuanika nguo.

Je, aliiba? Hakuiba. Alimaliza tu.

Cheti kikaja, kina jina lake lote, halina kosa hata la herufi moja. Kikasomwa kanisani wakati wa matangazo, vigelegele vikapigwa, akafungwa kitenge kipya kiunoni. Tangu siku hiyo akaitwa Mwalimu. Hata mama mkwe wake, aliyezoea kumwita "we mtoto", naye akamwita Mwalimu.

Mvua zilipokaribia, wanawake wakakutana chemchemini na majembe yao.

"Haya Mwalimu, tupande mti gani hapa?"

Somo la tatu lilihusu chemchemi, hilo alilikumbuka. Alikumbuka hata picha ya mwanzo, mkono umeshika mche. Mche gani? Simu alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la kanga. Dakika kumi zingetosha. Lakini mwenye cheti atatazamaje jibu mbele ya watu?

"Tupande unaokua haraka," akasema. "Mikaratusi."

"Mikaratusi?" mmoja akashtuka. "Si wanasema ina kiu kama ng'ombe?"

"Wanasema akina nani?" mwenzake akamdaka. "Wewe cheti chako kiko wapi? Muache aliyesoma aseme, sisi wa majembe tuchimbe."

Wakacheka wote. Naye akacheka. Baada ya kucheka, angeanzia wapi kusema hajui?

Mikaratusi ikastawi, mirefu, ya kupendeza macho. Mwaka wa nne chemchemi ikawa tope, kisha tope likapasuka. Wanawake wakaanza kushuka bondeni, saa nzima ya kushuka na karibu saa mbili za kupanda na ndoo kichwani. Mmoja wa wale waliompalilia kila Jumatano aliteleza kwenye ule mteremko, akavunjika mkono.

Siku aliporudi kutoka kumjulia hali mgonjwa, yule mama alijifungia chumbani akalitafuta somo la tatu. Safari hii hakuwa anafua. Dakika ya nne tu, mwalimu akasema polepole, kama anayemwambia yeye: karibu na chanzo cha maji usipande mikaratusi, inakunywa maji mengi, panda mikuyu, na miti mingine ya asili ya mahali penu.

Dakika ya nne! Akaizima simu. Hakumwambia mtu.

Na kilichomuumiza ni kwamba hakuna aliyemlaumu. Chemchemini, maana bado waliita pale chemchemini ingawa pamekauka, walisema, "Ni tabianchi imebadilika." Wengine, "Ni dhambi zetu." Mwishowe wakatangaziana kufunga siku tatu kumlilia Mungu arudishe maji. Siku ya tatu mama kiongozi wa jumuiya akasema, "Mwalimu, tuongoze katika sala. Mambo haya ya mazingira unayajua wewe."

Akapiga magoti. Kanisa zima likafumba macho.

"Baba..." Sauti ikakatika. Akaanza tena. "Baba, tunakusihi..." Ikakatika tena.

"Jamani," akasema, "fumbueni macho. Mungu hakuyakausha maji. Ni mimi. Somo la chemchemi sikulisikiliza. Ninyi mlikuwa mnanilimia, mimi nafua nguo."

Yule wa mkono uliovunjika akauliza, bila kelele, "Umejua lini?"

"Mwezi wa saba. Siku niliyokuja kukuona."

"Na kuanzia mwezi wa saba mpaka leo, tumeshuka bondeni mara ngapi?"

Safari hii hakubahatisha jibu.

Mfano wangu unaishia hapo, wapendwa. Mtaniuliza, walimsamehe? Mimi nauliza, sisi tungenyamaza hivyo mpaka lini? Kutojua si aibu. Siku hizi elimu inatufuata hadi jikoni, tunaweza kujifunza kutunza maji na udongo wetu tukiwa tumempakata mtoto, na anayekosea anaweza kurudia somo. Lakini tumejua, tukanyamaza, tukaja hapa na nyuso za kufunga kumwomba Mungu atengeneze tulichoharibu sisi. Mbona ni rahisi kuungama kwake kuliko kwa jirani? Kwa sababu Mungu anatusikiliza kimya. Jirani atauliza, mara ngapi.

Leo hatutaanza na sala. Kama kuna mtu humu anayestahili kusikia neno kutoka kwako, ameketi hapo. Inuka umwendee. Tutawasubiri.