Hodi ya Nani?

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani hii ya simu za kupangusa, siku ya Jumatano, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, simu ya Mgeni ililia. Huyu Mgeni hakuwa mgeni wa mtu. Alikuwa msichana wa Tanga, mrithi wa jina la bibi yake, na alikuwa ametengeneza programu ya simu iitwayo Hodi.

Kazi ya Hodi ilikuwa moja. Ukitaka kumtembelea mtu, unabonyeza, na simu yake inapiga hodi kabla hujafika. Naye anapata nafasi ya kubandika chai na kuziondoa nguo kwenye kochi.

Ujumbe ulitoka kwenye duka la programu: "Tumekagua. Limebaki jina la mchapishaji. Liwe la mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye programu, na huyo ndiye atakayejibu mbele ya sheria. Mwisho ni kesho saa sita mchana. Jina likikosekana, programu haitoki."

Mtu mmoja! Nao walikuwa watatu.

Mgeni akasema, "Andika Mgeni. Bila mimi hakuna programu. Kila mstari nimeuandika mimi, na kila mstari nimeurudia kwa hofu."

Binamu yake Shaibu, aliyekuwa akisoma sheria chuo kikuu, akasema, "Andika Shaibu. Bila mimi hakuna ruhusa. Sera ya faragha nimeiandika mimi: tunachukua taarifa gani za mtu, tunazifanyia nini, akitaka zifutwe afanyeje. Bila hiyo duka lingekurudisha, ukabaki unajipigia hodi mwenyewe."

Shangazi Mwanakombo, mama yake Shaibu, akasema, "Andika Mwanakombo. Bila mimi hakuna Hodi. Wazo langu, jina nimelitoa mimi, na hiyo sauti inayopiga hodi kwenye simu za watu ni ya nani? Ya redio?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ndipo mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Mama Rehani, jirani, ambaye jana yake walimwekea Hodi simuni aijaribu.

"Nani mwenye hiki kidude?"

Watatu wakatazamana.

"Kimeniambia: Hodi, naomba kuingia kwenye majina ya simuni mwako. Chini kuna kitufe kimoja tu, Karibu. Nikabonyeza. Kumbe kimesoma majina yote, kikawatangazia wote kwamba Mama Rehani yupo na anakaribisha wageni! Wifi yangu nilimwambia nimesafiri, niko Korogwe. Kaja na mabegi yake, kanikuta nakaanga samaki!"

Shaibu akakohoa. "Lakini Mama Rehani, ulikubali. Ulibonyeza Karibu."

"Mtu akikupigia hodi, wewe Shaibu unamjibu nini? Subiri nimwite wakili? Nimesema karibu kwa adabu, sikusema ingia mpaka chumbani!"

Shaibu alijua sheria inataka ridhaa ya mtu anayeweza pia kukataa, na Mama Rehani hakupewa pa kukatalia.

"Kesho saa nne naenda kuwashtaki ofisi ya ulinzi wa taarifa," akasema Mama Rehani. "Labda mwenye programu aje kabla, mlangoni kwangu, ataje jina lake na kuniomba radhi mbele ya wifi yangu." Akaondoka, harufu ya samaki ikabaki.

"Andika Shaibu," akasema Mgeni haraka. "Habari ya majina uliificha ukurasa wa kumi na moja, ambao hata wewe hukurudi kuusoma."

"Andika Mwanakombo," akasema Shaibu. "Mama, nilitaka kitufe cha pili, Sitaki. Ukasema mlangoni kwetu hakuna anayeambiwa sitaki."

"Andika Mgeni," akasema Shangazi. "Mimi nilisema kipige hodi. Kupita mpaka jikoni na kuita watu, kimefundishwa na vidole vya nani?"

Asubuhi wote watatu walilitaka jina. Mchana wote watatu walikuwa wanapishana mlangoni: tangulia wewe, aa, wewe kwanza.

Hata hivyo hakuna aliyekwenda zake. Shaibu akaikata sera ikawa mistari michache, ya kusomeka hata na mtu anayekaanga samaki. Mgeni akaifungia Hodi isisome majina, na yale iliyokwisha kuyasoma akayafuta. Kitufe cha pili kikawashinda. Hapana lilikuwa kali, Sitaki lilikuwa tusi.

Shangazi akacheka. "Neno mnalo tangu utotoni. Wageni wakija nami sitaki kuonekana, nikiwatuma mlangoni mlikuwa mnasemaje?"

Wakajibu pamoja, "Mama kasema hayupo!"

"Lakini sheria inataka neno la wazi," akasema Shaibu.

"Nitajie mtu mmoja asiyelielewa."

Kitufe kikawekwa: Hayupo. Programu ikapona kwa mikono ya wote watatu, kama ilivyougua kwa mikono ya wote watatu. Nafasi ya jina ikabaki wazi.

Asubuhi iliyofuata, Mgeni alijitanda kanga, akashika simu yake, akaenda kwa Mama Rehani. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya, ila kijiko kiligonga kikombe. Ya tatu akaipiga kwa sauti ndogo, na mguu mmoja ulishageukia nyumbani.

"Nani?" ikaitika sauti ya Mama Rehani.

"Mgeni."

"Mgeni tu, au Mgeni mwenye programu?"

Mgeni akaitazama simu. Jina atakaloandika pale ndilo la kutaja hapa, na atakalotaja hapa ndilo la kuandika pale. Akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza, mlango bado umefungwa na wifi ametega sikio. Mjibieni Mama Rehani: Mgeni, Shaibu, au Mwanakombo? Je, nani alistahili?