Punda Aliyetaka Mwanawe Atajwe

— Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulie, iingie!

— Ina miguu minne na mzigo mgongoni.

— Itue, tuisikie!

Hapo kale, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na hekalu la Vishnu, Mungu mwenye kuilinda dunia. Uani palikuwa na bwawa. Kila jioni taa ilipowashwa, wanyama walikusanyika hapo kutaja avatara, yaani miili aliyoivaa Vishnu aliposhuka duniani kuiokoa. Alishuka akiwa samaki. Alishuka akiwa kobe. Alishuka akiwa nguruwe mwitu. Kila jina lilipotajwa, wote waliitikia.

Jioni moja akaja Punda, Mama Bholu. Mwanawe Bholu alikufa wakati wa ukame. Aliuchimba kwa kwato mchanga wa mto uliokauka, akachimba, akachimba, maji yakatoka. Wanyama wakanywa. Kisha ukingo wa shimo ukaporomoka, ukamfunika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja. Mama yake bado alilala upande mmoja wa zizi, upande wa pili akimwachia.

"Nataka Bholu atajwe pamoja na hao," Punda akasema. "Alikuwa avatara."

Samaki akatoa kichwa majini. "Mama Bholu, umeota au umekula majani mabaya? Mungu hashuki bure. Gharika ilipokuja, aliokoa mbegu za dunia nzima. Wako alifanya nini?"

"Alitoa maji."

"Ya shimo moja!"

"Muulize kaka Nguruwe kama hakuyanywa."

Nguruwe Mwitu akatazama chini.

Kobe akasogea. "Mungu akishuka hubeba kisichobebeka. Alibeba mlima mgongoni, miungu na majitu wakaikoroga bahari kwa mlima huo, wakitafuta maji ya uzima. Wako alibeba nini?"

"Matofali ya hekalu hili, mpaka mgongo ukachubuka."

"Matofali! Basi mimi ninayebeba nyumba nzima nitajwe kwanza!"

Wakacheka.

Nguruwe Mwitu hakucheka. "Dada, mimi nakuuliza la mwisho. Avatara akimaliza kazi huuvua mwili, akarudi juu. Wako aliondokaje?"

"Aliniita akiwa chini ya mchanga," Punda akasema. "Nikachimba. Sikumfikia."



"Sasa nami niulize," Punda akasema. "Yule nguruwe aliporudi juu, mama yake alilia?"

"Hakuwa na mama," Nguruwe akajibu. "Alitoka puani mwa Brahma, muumba."

"Na kobe?"

"Alionekana tu baharini," Kobe akajibu.

"Na samaki?"

"Alipatikana kiganjani mwa mfalme aliyekuwa akiteka maji," Samaki akasema.

Kobe akaongeza, taratibu, "Kwa wanadamu alizaliwa, akanyonya, akaliliwa. Kwetu wanyama hakuna aliyewahi kumnyonyesha." Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani.

Punda akakumbuka harufu ya manyoya ya Bholu asubuhi. Wakimwita avatara, watasema alishuka kwa kazi, akaimaliza, akaenda zake. Bholu hakuwa amemaliza kitu. Alikuwa bado anaogopa radi.

"Basi, msimtaje," akasema. "Mungu akirudi juu, amefika kwao. Kwao Bholu ni kwangu."

"Sasa nani atamwita?" Nguruwe akauliza.

"Mimi."

Akatoka nje ya ua, akavuta pumzi, akaita. Akavuta pumzi, akaita. Akavuta pumzi, akaita, mpaka sauti ikamkatikia kooni. Ndiyo maana mpaka leo punda hulia ghafla, bila njaa wala kiboko, halafu husimama akisikiliza.

Nanyi shikeni hili: mpendwa wako si lazima awe mungu ndipo umlilie.

Hadithi imepumzika, inashika njia yake. Na wewe uliyesinzia hapo, ukiulizwa nyumbani, waambie punda alikuwa na pembe.