Aliyeitikiwa Kona ya Nne

"Mlimani, kila mtu huitikia jina lake." Kauli hii nimeisema kwa ukali kwa sababu nimemwita Nanzia, lakini aliyeitika ni Kiangi. Sasa mnacheka na kuuliza imetoka wapi. Kaeni kwenye jiwe hili, itazameni tambarare mpaka macho yashibe, nami niwaeleze. Imetoka kwenye njia hii hii mnayoipanda kwa kujifurahisha.

Kabla ya barabara ya magari, wazee wetu walishuka sokoni tambarare, wakapandisha chumvi kichwani kupitia msitu huu. Njia ilikuwa nyembamba vilevile, mwamba upande huu, korongo upande ule, na ukungu ukishuka humwoni mwenzako. Basi waliweka desturi. Katika kila kona, na kona ni saba, kiongozi husimama akaita majina. Asiyeitika hufuatwa papo hapo.

Siku hiyo kiongozi alikuwa Mbonea. Nyuma kabisa walikuja Senkoro na mkewe Nakijwa, aliyeolewa mavuno yaliyotangulia. Mzigo ulimlemea. Kwenye kona ya nne akamwambia mumewe, "Mwenzangu, niitikie wewe. Nikifungua kinywa pumzi inaniisha."

Senkoro alimpenda sana mkewe, msimhukumu upesi. Jina lilipoitwa alijibu, "Yupo!"

Kona ya tano ndiyo hii mliyokalia. Walipofika, ukungu ulipasuka, wakaiona tambarare yote na mlima wa theluji kwa mbali. Uchovu ukasahaulika. Mbonea aliita majina huku macho yake yako bondeni. Alisikia sauti ya kiume kwenye jina la kike, akaridhika. Hilo bado linaniuma. Kona ya sita ikawa hivyo hivyo, na ya saba.

Kileleni walitua mizigo. Senkoro akageuka ampokee mkewe, akaona njia tupu.

"Ulimwona wapi mara ya mwisho?" Mbonea akauliza.

"Kona ya nne."

"Kona ya tano aliitika nani?"

"Mimi."

"Ya sita?"

"Mimi. Hata ya saba ni mimi. Nilidhani yuko nyuma yangu."

Waliteremka mbio. Chini kidogo ya jiwe hili waliikuta ngata yake ukingoni, na chumvi imemwagika. Yeye mwenyewe alikuwa korongoni, mguu umevunjika, damu imemwishia. Mwili ulikuwa bado na joto. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amejifunga pajani kwa mikono yake. Desturi aliijua, kwa hiyo alingoja afuatwe.

Senkoro ni babu yangu. Alioa tena baada ya miaka mingi, ndipo ukoo wetu ukapatikana. Lakini mtu akimjibia mwenzake, hata nyumbani, hata kwa mzaha, babu aliacha chakula akatoka nje. Maneno niliyomkemea nayo Kiangi ni yake.

Haya, inukeni, ukungu unashuka. Mrutu! Vema. Kiangi! Vema. Nanzia!

Nanzia!

Wewe Kiangi, funga kinywa. Najua ni rafiki yako, najua amechoka. Hatusogei hata hatua moja mpaka nisikie sauti yake. Mlimani, kila mtu huitikia jina lake.