Karani Mhina na Neno "Leti"

Aliyechelewa hazikwi. Mnacheka, wanangu, lakini methali hii ina kwao, na kwao ni Mombo, zamani zile watu walipokuwa bado wanajua kusubiriana. Chanzo chake ni hiki.

Namkunda alikuwa na mume, Shekalaghe, fundi wa reli aliyefanya kazi Tabora. Siku ya kuondoka waligombana kwa ajili ya chumvi kuzidi kwenye mboga. Chumvi tu! Namkunda akamwambia, "Nenda, na usirudi!" Miezi sita alilijutia neno lile.

Ndipo ikaja simu ya maandishi, kwa Kiingereza. Akampelekea Mhina, karani wa shamba la mkonge. Mhina alikijua Kiingereza cha barua za ofisi, na humo neno "leti" hutangulia jina la mtu aliyekufa. Alipoliona neno hilo kwenye simu, kando ya jina la Shekalaghe, akavua kofia.

"Pole, dada. Shekalaghe ni leti, yaani marehemu. Maiti inafika Jumamosi."

"Imeandikwa maiti?"

"Imeandikwa anafika. Sasa marehemu atafikaje, kwa miguu?"

Namkunda akaketi chini palepale. "Mimi ndiye niliyemwambia asirudi," akasema.

Kaniki ikavaliwa, kaburi likachimbwa. Jumamosi wanaume walikwenda stesheni na jeneza. Garimoshi likasimama, na Shekalaghe akashuka na sanduku lake, akiuliza nani amefariki. Walimwachia jeneza, wakatimua mbio.

Nyumbani waombolezaji nao walitawanyika. Namkunda peke yake hakukimbia.

"Umekufa, hukufa?"

"Nimechelewa tu, mke wangu. Mafuriko yalikata reli."

"Nisamehe, baba. Karibu kwako." Akalia kuliko alivyolia matangani.

Kwa kuwa kaburi haliachwi tupu, wazee walizika mgomba. Mhina akajitetea mbele yao: "Kosa si langu! Kwa Waingereza 'leti' ni marehemu, na 'leti' hiyohiyo ni aliyechelewa!"

"Aliyechelewa hazikwi, Karani," Namkunda akamjibu. "Husubiriwa."

Watu wakalishika neno hilo. Natamani nyakati zile. Leo simu iko mfukoni, na ndugu akinyamaza wiki mbili tumeshamfuta moyoni, hata jina lake hatulitaji. Yupo mtu mliyeagana naye vibaya? Msimchimbie kaburi, wanangu. Aliyechelewa hazikwi.