Chupa Iliyongoja Mgeni Mkubwa

Soma hii mpaka mwisho, kisha mtumie yule ndugu yako mwenye sahani nzuri kabatini ambazo watu wa nyumbani kwake hawajawahi kuzilia.

Huko Meksiko, kwenye mashamba ya mizabibu, kuna mji mdogo uliojengwa zama za utawala wa Wahispania. Njia zake ni za mawe, kuta zimepakwa rangi ya waridi na manjano, na kanisa lake lina minara miwili isiyolingana. Siku za mapumziko wageni humiminika, wanapiga picha, wanaingia nyumba hii na ile kuonja divai.

Nyumba mojawapo ni ya Don Crisanto. Hilo "Don" ni heshima tu, kama sisi tunavyosema Mzee. Anaishi hapo na mkewe, Doña Remedios, mama mcheshi asiyeishiwa utani. Divai yao ni nzuri, lakini macho ya wageni yaliishia kwenye rafu ya juu, penye chupa moja iliyozibwa kwa nta nyekundu.

"Na ile je?" waliuliza.

"Ile ni ya mwaka tuliooana," Don Crisanto alijibu, kifua mbele. "Haijatokea tena divai kama ile. Inamngoja mgeni mkubwa."

Basi wageni wakaja. Akaja daktari bingwa, mzee akamtazama viatu, akasema bado. Akaja askofu, mzee akasema huyu naye ni wa kawaida, yupo wa juu yake. Watoto wakaoa na kuolewa, chupa iko palepale.

"Baba watoto, hata sisi hatutaionja?" mkewe alimuuliza.

"Sisi ni wenyeji. Wenyeji wanakunywa ya kila siku."

Mama alicheka, akaifuta chupa vumbi, akairudisha juu.

Hatimaye ikaja habari kwamba gavana wa jimbo atahudhuria sikukuu ya mavuno, na chakula cha mchana atakula kwa Don Crisanto. Mzee akawa hashikiki. Akautangazia mji mzima, mpaka waliokuwa wakimcheka sokoni kwa miaka mingi kuhusu chupa yake. Sasa watanyamaza, alijiambia. Asubuhi ya sikukuu alishinda kwenye kioo akichana masharubu.

"Mume wangu, kuhusu ile chupa," Doña Remedios alianza.

"Baadaye, mama watoto."

Akajaribu tena wakati wa kuandaa meza, akajibiwa vilevile.

Gavana akaja, akala, akashiba. Don Crisanto akaishusha chupa kwa mikono miwili, akaibandua nta, akammiminia. Mlangoni watu walikuwa wamejazana wakichungulia. Gavana akanusa, akaonja, akalamba midomo, akaonja tena.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "hii ni juisi ya rozela."

Don Crisanto akainyakua glasi, akaonja. Rozela kweli, yale maua mekundu ya kuchemsha, tena imekolea sukari. Akaketi. Mlangoni mtu mmoja akaanza kucheka. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Remedios," alisema kwa sauti ndogo, "nani ameniibia?"

"Hakuna mwizi. Tangu asubuhi nataka kukwambia, nawe uko na masharubu yako." Mama akaketi kando yake. "Unaukumbuka mwaka wa mvua ya mawe?"

Angeusahau vipi? Mvua ile iliichakaza mizabibu yote wiki chache kabla ya mavuno. Baada ya hapo alikaa miezi mingi hacheki, chakula anakigusa tu, na majirani walianza kumwombea.

"Jioni moja akabisha hodi dereva wa lori la vitunguu," mama aliendelea. "Lori limemharibikia, ameloa chapachapa. Ukamkaribisha. Akatoa kinanda chake cha kodiani, akatuimbia."

"Namkumbuka. Aliimba vibaya sana."

"Vibaya mno. Nawe ukacheka. Baada ya miezi yote ile, ukacheka mpaka machozi. Nikaenda jikoni, nikaifungua ile chupa, nikaimimina kwenye jagi. Nikajiambia, huyu amenirudishia mume wangu. Mgeni mkubwa kuliko yeye atatoka wapi?"

"Kwa hiyo wewe na dereva mkainywa."

"Tukainywa sote watatu. Wewe ndiye uliyezidisha. Ukaniuliza, Remedios, mbona divai ya leo tamu hivi? Nikakwambia ni ya kila siku. Ukapanda mezani ukacheza."

Don Crisanto akafumba macho. Ladha ile aliijua. Kila mavuno tangu jioni ile alijaribu kuitengeneza tena akashindwa, akadhani mkono wake umezeeka.

"Na hii rozela?"

"Niliijaza nisikuvunje moyo, na naibadilisha kila mwaka isichache. Ungeniona navyohangaika na nta yako."

Gavana ndiye aliyeanza kucheka, mzee akafuata, akacheka kama usiku ule wa kodiani. Kisha akainuka, akamkumbatia mkewe mbele ya watu, akafungua mlango wote. Akawaita ndani wageni wa picha, waliomcheka sokoni, na dereva wa gavana aliyekuwa ameachwa juani. Wakanywa ile ya kila siku mpaka jua likazama, na gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa glasi.

Chupa bado iko rafuni, na wageni bado wanaiulizia.

"Ile ni tupu," Don Crisanto huwajibu, kifua mbele vilevile. "Tuliinywa na dereva wa vitunguu."

Funzo: Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wala hawakutaja cheo cha mgeni. Kizuri ulichonacho kifurahie na waliopo, maana huenda mgeni mkubwa unayemngoja ameshapita mlangoni kwako, tena ameloa mvua.